Alberta baada ya uchaguzi wa 2025: kubaki, kujitawala ndani ya Kanada, au kujitenga?

Wakanada walipiga kura Aprili 28, 2025. Huko Alberta, jimbo la mafuta la magharibi, chama cha Conservative kilizoa viti 34 kati ya 37, lakini serikali ikaundwa na Liberal ya Mark Carney, iliyoishia na viti 169 kati ya 343 vya nchi nzima. Kesho yake, Aprili 29, serikali ya waziri kiongozi wa jimbo, Danielle Smith, ilipeleka kwenye bunge la jimbo, Edmonton, muswada wa kurahisisha kura ya maoni inayoitishwa na wananchi. Tangu hapo habari ya kujitenga haijatoka midomoni mwa watu, na Waswahili wa Calgary na Edmonton wenye uraia wa Kanada wanajikuta wakiulizwa wako upande gani, kazini na hata msibani.

Tatizo la mjadala wenyewe ni kwamba unaendeshwa kama swali la ndiyo au hapana, na hali njia zilizopo ni tatu: kubaki na kubanana na Ottawa, yaani serikali ya shirikisho, kama ilivyo sasa, kubaki lakini kuchukua mamlaka mengi zaidi, kama Quebec ilivyofanya, na kuondoka kabisa. Kila njia inatibu lalamiko tofauti. Mtu anayekerwa na bomba la mafuta lililokwama hana shida moja na yule anayekerwa na kodi, wala na yule anayeona kura yake haina uzito. Kwa hiyo kabla ya kuchagua njia, jua kwanza kinachokuuma.

## Vipimo tutakavyotumia

Vipimo ni vitano, na kila njia itapitishwa humo humo.

Kwanza, sheria: nani ana neno la mwisho, na ni hatua zipi. Pili, pesa: kodi, pensheni na deni. Tatu, njia ya mafuta kufika baharini, kwa sababu Alberta haina pwani. Nne, mikataba ya Mataifa ya Kwanza, yaani wenyeji wa asili. Mkataba wa 6 (1876), wa 7 (1877) na wa 8 (1899) yote ilitiwa saini kabla jimbo la Alberta halijaundwa Septemba 1, 1905. Tano, karatasi zako: uraia, ukazi wa kudumu, pasipoti. Hiki cha tano ndicho kisichojadiliwa sana majukwaani, na kwa mhamiaji ndicho kinachopaswa kutangulia.

## Njia ya kwanza: kubaki na kubanana na Ottawa

Sheria. Hapa hakuna kura ya maoni inayohitajika. Silaha ni mazungumzo, mahakama na uchaguzi wa kitaifa. Mahakama zimewahi kuipa Alberta ushindi wa kweli: Oktoba 2023 Mahakama ya Juu ilisema sehemu kubwa ya sheria ya shirikisho ya kutathmini athari za miradi, ile ya 2019 ambayo watu wa mafuta waliichukia, ilivuka mipaka ya katiba.

Pasipoweza kutikiswa ni uwakilishi. Alberta ina takriban asilimia 12 ya watu wa Kanada, lakini viti 37 kati ya 343 ni chini kidogo ya asilimia 11. Kwenye Seneti hali ni mbaya zaidi. Alberta yenye watu takriban milioni 5 ina maseneta 6 kati ya 105, ilhali Nova Scotia na New Brunswick, ambazo hata zikijumlishwa hazifiki nusu ya watu hao, zina 10 kila moja. Kubadilisha mgawanyo huo kunahitaji kibali cha Ottawa na cha majimbo 7 yenye angalau nusu ya watu wa nchi. Anayekuahidi kwamba Seneti itarekebishwa kwa shinikizo tu hajaonyesha majimbo hayo 7 atayatoa wapi.

Pesa. Lalamiko kubwa ni mgawo wa kusawazisha, fedha ambazo Ottawa huyapa majimbo yenye uwezo mdogo wa kukusanya mapato. Kwa mwaka wa fedha 2025–26 mgawo huo ulikuwa dola bilioni 26.2 za Kanada, na Quebec pekee ilipata bilioni 13.6 hivi. Alberta haijapokea kitu tangu 1964–65. Lakini hakuna hundi inayotoka hazina ya Edmonton kwenda Quebec. Pesa hiyo hutoka kwenye kodi za shirikisho ambazo kila mkazi wa Kanada hulipa kwa viwango vilevile. Alberta huchangia zaidi kwa kuwa watu wake wanapata zaidi. Ukibaki kwa njia hii, mgawo unabaki. Kinachoweza kujadiliwa ni kanuni ya kuukokotoa.

Bahari. Hapa njia hii ina ushahidi mkononi. Upanuzi wa bomba la Trans Mountain, ambalo Ottawa ililinunua mwaka 2018, ulianza kazi Mei 2024 na kulifikisha bomba hilo kwenye uwezo wa mapipa 890,000 kwa siku hadi Burnaby, pwani ya British Columbia. Novemba 27, 2025 Carney na Smith walitia saini mjini Calgary hati ya makubaliano inayounga mkono bomba jipya la angalau mapipa milioni moja kwa siku kwenda pwani ya magharibi, pamoja na kuachana na ukomo wa gesi chafu uliokuwa umepangwa kwa sekta ya mafuta. Kwa upande wake Alberta ilikubali bei ya juu zaidi ya kaboni kwa viwanda. Waziri Steven Guilbeault, mwanaharakati wa mazingira wa zamani, alijiuzulu uwaziri kwa hasira.

Yanayoweza kuharibika: hati ya makubaliano si sheria. Serikali ya British Columbia na Mataifa ya Kwanza ya pwani wanapinga, na katazo la meli kubwa za mafuta kwenye pwani ya kaskazini lazima liguswe kwanza. Historia nayo si ya kutia moyo: bomba la Northern Gateway lilikataliwa 2016, Energy East likaachwa 2017, Keystone XL likafa 2021. Hilo la mwisho lakini liliuawa na Washington, si Ottawa, jambo linalosahaulika upesi.

Mikataba na karatasi. Hakuna kinachobadilika.

Inamfaa nani: mwenye biashara inayohitaji utulivu, anayesubiri uraia, na anayeamini kwamba bomba moja jipya lina thamani kuliko kanuni mpya kumi. Haimfai anayekerwa na uzito wa kura yake.

## Njia ya pili: kujitawala zaidi ndani ya Kanada

Wazo hili si jipya. Januari 2001, Stephen Harper, kabla hajawa waziri mkuu, na wenzake kadhaa walimwandikia waziri kiongozi Ralph Klein barua ya kumtaka Alberta iwe na mfuko wake wa pensheni, ikusanye yenyewe kodi ya mapato na iwe na polisi wake. Karibu yote yanayopendekezwa leo yamo humo.

Sheria. Uzuri wake ni kwamba sehemu kubwa haihitaji kibali cha mtu. Quebec ina mfuko wake wa pensheni tangu 1966, inakusanya kodi yake, ina polisi wake, na tangu makubaliano ya 1991 inachagua yenyewe wahamiaji wake wa kiuchumi. Vingi vya hivyo Alberta inaweza kuvifanya kwa sheria ya bunge lake. Uhamiaji ndio unaohitaji Ottawa ikubali. Desemba 2022 ilipitishwa pia sheria ya mamlaka ya Alberta ndani ya Kanada, inayoliruhusu bunge la Edmonton kuelekeza vyombo vya jimbo visitekeleze sheria ya shirikisho wanayoiona inakiuka katiba. Ina sauti kubwa, lakini mwamuzi wa nani kakiuka katiba anabaki kuwa mahakama.

Pesa. Hapa ndipo watu wanapokosea zaidi, kwa hiyo twende polepole.

Kukusanya kodi yako mwenyewe hakufuti kodi ya Ottawa. Mkazi wa Quebec hujaza fomu mbili za kodi ya mapato kila mwaka, moja ya jimbo na moja ya shirikisho. Alberta tayari inakusanya yenyewe kodi ya kampuni. Ikiongeza ya watu binafsi itapata udhibiti, na gharama ya kuendesha idara. Mgawo wa kusawazisha hautapungua hata senti.

Polisi: chini ya mkataba wa sasa unaoishia 2032, Ottawa hulipa asilimia 30 ya gharama za polisi wa shirikisho (RCMP) wanaohudumu vijijini na miji midogo. Ukiwaondoa, asilimia hiyo inahamia kwako.

Pensheni ndiyo yenye fedha nyingi. Alberta ina wafanyakazi vijana wengi, kwa hiyo mfuko wake unaweza kutoza makato madogo. Ripoti iliyoagizwa na serikali ya jimbo na kutolewa Septemba 2023 ilidai kwamba Alberta inastahili dola bilioni 334, yaani asilimia 53 ya mfuko wote wa pensheni wa Kanada. Jimbo lenye asilimia 12 ya watu kudai zaidi ya nusu ya mfuko: ukiona makadirio ya makato madogo, uliza yamejengwa juu ya fungu gani. Fungu likipungua, akiba nayo inayeyuka. Kisheria, jimbo linatakiwa kutoa taarifa ya maandishi miaka 3 kabla ya kujitoa, na sheria ya Alberta yenyewe ya 2023 inataka wananchi wapige kura kwanza.

Kuna funzo la karibu. Oktoba 18, 2021 Waalberta waliulizwa kama kanuni ya mgawo wa kusawazisha iondolewe kwenye katiba. Asilimia 61.7 wakasema ndiyo. Mgawo ukaendelea kama kawaida, kwa sababu jimbo moja haliwezi kufuta kipengele cha katiba ya wote. Waliopiga kura wakitegemea pesa walipata ujumbe tu wa kisiasa.

Bahari. Njia hii haiongezi chochote. Bomba linalovuka mipaka ya majimbo liko chini ya mamlaka ya Ottawa, na hilo si hasara tupu. Januari 2020 British Columbia ilitaka ipewe haki ya kuidhinisha au kuzuia mafuta mazito yanayopita kwake. Mahakama ya Juu iliitupa hoja hiyo siku ileile ya kusikilizwa, kwa sababu moja tu: bomba ni la shirikisho. Ngao hiyo ilifanya kazi kwa faida ya Alberta. Ikumbuke tutakapofika njia ya tatu.

Mikataba. Inabaki ya Taji la Kanada, yaani dola yenyewe. Ila jimbo linapojitwalia polisi au ardhi bila kuwashauri wenyeji, kesi hufuata.

Karatasi. Uraia haubadiliki. Kinachoweza kubadilika ni uteuzi wa wahamiaji. Alberta ikipata makubaliano kama ya Quebec, vigezo vitapangwa Edmonton. Mwenye ndugu anayesubiri kuja kwa njia ya ajira aangalie hapo; wa kuunganishwa na mwenzi wake naye aangalie, ingawa kwa kundi hilo hata huko Quebec kibali cha mwisho hutoka Ottawa.

Inamfaa nani: anayetaka maamuzi yawe karibu na nyumbani na yuko tayari kulipia gharama ya uendeshaji. Kijana wa miaka 25 anaweza kufaidi makato madogo ya pensheni. Mzee wa miaka 60 ana sababu ya kutaka kuona hesabu za mwisho kabla ya kusema ndiyo. Haimfai anayefikiri itasimamisha fedha zinazokwenda Quebec.

## Njia ya tatu: kujitenga

Sheria. Wengi wanadhani ukishinda kura kesho yake una nchi. Hapana; kura inakupa nafasi mezani tu. Mahakama ya Juu iliamua Agosti 20, 1998, kuhusu Quebec, kwamba jimbo halina haki ya kujiondoa peke yake, si kwa sheria ya Kanada wala ya kimataifa. Lakini wingi ulio wazi wa kura kwa swali lililo wazi huwalazimisha wengine wote kuketi na kujadiliana. Bunge la Ottawa likafuatia mwaka 2000 na Sheria ya Uwazi. Hatua zenyewe ni hizi:

1. Saini. Kwa kanuni mpya ya Alberta ni 177,732, yaani asilimia 10 ya kura zilizopigwa kwenye uchaguzi wa jimbo wa 2023, ndani ya siku 120. Zamani ilikuwa asilimia 20 ya wapiga kura wote walioandikishwa, ndani ya siku 90.
2. Bunge la Ottawa lina siku 30 tangu swali litangazwe kuamua kama liko wazi. Swali linaloomba ruhusa tu ya kujadiliana, au linalochanganya uhuru na ushirika wa kiuchumi, halipiti.
3. Kura yenyewe. Bunge hilohilo ndilo linaloamua baadaye kama wingi ulikuwa wazi. Sheria haikutaja asilimia. Inatazama ukubwa wa ushindi na idadi ya waliojitokeza.
4. Majadiliano juu ya mali, madeni, mipaka, haki za wenyeji wa asili na za makundi madogo.
5. Marekebisho ya katiba, ambayo majimbo mengine nayo yana kauli ndani yake. Mahakama haikusema ni kanuni ipi ya marekebisho itumike, na hapo pana mzozo wa miaka.

Kuhusu saini, jambo la vitendo: zinahesabika tu zile za karatasi halisi zilizoshuhudiwa na mkusanyaji aliyesajiliwa na Elections Alberta. Fomu ya mtandaoni unayotumiwa kwenye simu haina uzito wowote wa kisheria, hata ikijazwa na watu milioni. Mwenye haki ya kutia saini na kupiga kura ni raia wa Kanada mwenye miaka 18 na kuendelea anayeishi Alberta. Mkazi wa kudumu hana haki hiyo, na akitia saini haihesabiki.

Njia hii imewahi kugonga mwamba. Desemba 5, 2025 Jaji Colin Feasby aliamua kwamba swali la kwanza la wanaotaka uhuru lilikuwa kinyume na katiba, ikiwamo haki za mikataba ya wenyeji. Serikali ya Smith ilikuwa imekwisha kupeleka bungeni, siku moja kabla, sheria ya kuondoa sharti kwamba swali lisikiuke katiba. Swali jipya likakubaliwa na saini zikaanza kukusanywa Januari 2026. Upande wa pili nao haukulala: ombi la kubaki Kanada, lililoongozwa na Thomas Lukaszuk, naibu waziri kiongozi wa zamani, lilithibitishwa kuwa na saini halali zaidi ya 400,000.

Pesa. Kwa upande wa faida, hii ndiyo njia pekee inayokata kabisa mgawo wa kusawazisha na kodi za Ottawa. Kwa mtu ambaye lalamiko lake ni hilo moja, ukweli huo hauna budi kusemwa wazi. Upande wa pili wa daftari una deni. Deni la shirikisho lilikwisha kupita dola trilioni 1.2. Likigawanywa kwa vichwa, fungu la Alberta linakaribia bilioni 150; likigawanywa kwa pato la uchumi, ambako Alberta ina karibu asilimia 15, linakaribia bilioni 180. Ongeza sarafu, jeshi, forodha, balozi, na pensheni za wazee ambazo sasa hulipwa na Ottawa. Kuna pia gharama inayoanza kabla ya kura: Januari 1978, miaka miwili kabla ya kura ya kwanza ya Quebec, kampuni ya bima ya Sun Life ilitangaza kuhamisha makao makuu kutoka Montreal kwenda Toronto.

Bahari. Hiki ndicho kipimo kigumu kuliko vyote kwa njia hii. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari unazipa nchi zisizo na pwani haki ya kufika baharini, lakini masharti ya kupita hujadiliwa na nchi jirani. Ile ngao ya 2020 dhidi ya British Columbia itakuwa imeondoka. Hata mafuta yanayokwenda Marekani hayana njia nyeupe: mfumo mkubwa wa Enbridge, wenye uwezo wa takriban mapipa milioni 3 kwa siku, na bomba la Keystone la awali (si lile la XL lililokufa) yote hupita Saskatchewan na Manitoba kabla ya kuvuka mpaka. Bomba la Express, linaloingia Montana moja kwa moja kutoka Alberta, ni dogo mno kulinganisha.

Afrika Mashariki tuna mfano wa jambo hili hili. Sudan Kusini ilipiga kura Januari 2011, asilimia 98.83 wakataka uhuru, na Julai 9 bendera ikapanda. Mafuta yakabaki kusini, bomba na bandari kaskazini. Sudan ikadai ada ya zaidi ya dola 30 kwa pipa, Juba ikatoa chini ya dola moja, na Januari 2012 Sudan Kusini ikafunga visima vyake yenyewe kwa zaidi ya mwaka. Kanada si Sudan, na hakuna anayetarajia vita. Lakini hesabu ya aliye na mafuta dhidi ya aliye na bandari ni ileile. Uganda, kwa upande mwingine, inaonyesha kwamba nchi isiyo na pwani inaweza kupata bomba, la kilomita 1,443 kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, jirani anapoona faida yake kwenye mradi. Kwa Alberta huru swali litakuwa British Columbia itaona faida gani.

Mikataba. Mikataba ya 6, 7 na 8 ni kati ya Mataifa ya Kwanza na Taji, na karibu ardhi yote ya Alberta imo ndani yake. Quebec, siku chache kabla ya kura ya 1995, Wakree, wenyeji wa asili wa huko, walipiga kura yao wenyewe na zaidi ya asilimia 96 wakakataa kutolewa Kanada bila ridhaa yao. Machifu wa Alberta wanasema hayo hayo, tena mahakamani.

Karatasi. Anayekwambia kwamba utabaki na pasipoti ya Kanada anakuahidi asichokimiliki. Kanada inaruhusu uraia pacha tangu 1977, lakini nani atabaki raia ni uamuzi wa Bunge la Ottawa baada ya kujitenga. Kwa Mkenya, ambaye katiba ya 2010 inamruhusu uraia wa nchi mbili, pigo ni dogo. Mtanzania au Mkongo aliyeukana uraia wa kwao ili awe Mkanada hana pa kurudia kirahisi.

Mkazi wa kudumu ndiye aliye hatarini zaidi. Ili asipoteze hadhi hiyo lazima awe ndani ya Kanada siku 730 katika kila miaka 5, na ili aombe uraia anahitaji siku 1,095 katika miaka 5. Alberta ikiwa nchi nyingine, siku anazoishi Edmonton hazitahesabika kuwa za Kanada, isipokuwa majadiliano yaseme vinginevyo.

Inamfaa nani: anayeona tatizo ni muundo wa Kanada wenyewe na kwamba hakuna serikali ya Ottawa, ya chama chochote, itakayoubadilisha, mwenye uwezo wa kuvumilia miaka ya mashaka, na aliyezaliwa hapo, ambaye karatasi zake hazimtegemei mtu. Hoja hii ina mizizi: wengi bado wanaukumbuka mpango wa nishati wa 1980 wa waziri mkuu Pierre Trudeau, uliobana mapato ya mafuta ya Alberta, na Februari 1982 mgombea wa kujitenga, Gordon Kesler, alishinda kiti cha Olds-Didsbury. Miezi michache baadaye, uchaguzi mkuu wa jimbo, chama chake kilipata karibu asilimia 12 bila kiti hata kimoja.

## Vipi kuhusu jimbo la 51 la Marekani?

Tumeiacha nje ya ulinganisho kwa sababu si njia inayojitegemea. Lazima kwanza upite hatua zote za njia ya tatu, kisha Bunge la Marekani likukubali. Muulize mtu wa Puerto Rico, kisiwa kilicho chini ya Marekani lakini bado si jimbo, subira hiyo ina urefu gani.

## Ukiwa Quebec, mizani inabadilika

Quebec nayo iko kwenye mjadala huo, ila kwa sababu nyingine: lugha na utambulisho kwanza, pesa baadaye. Njia ya pili wameshaipita kwa sehemu kubwa, kwa hiyo mpiga kura wa Quebec anachagua kati ya alichonacho na uhuru. Bahari si tatizo, Mto St. Lawrence ni wao. Pesa ndiyo inageuka: kuondoka kunafuta bilioni 13.6 za mgawo badala ya kuziokoa. Huko wananchi hawawezi kuitisha kura kwa saini, serikali ndiyo huitisha, na sheria ya Quebec ya 2000 inasema asilimia 50 na kura moja inatosha, kinyume na msimamo wa Ottawa.

Uzoefu wao ni mrefu: 1980 waliokataa walikuwa asilimia 59.6, Oktoba 30, 1995 walikuwa asilimia 50.58, tofauti ya kura 54,288, huku asilimia 93.5 wakijitokeza. Uchaguzi wa 2025 uliwashusha Bloc Québécois, chama cha uhuru wa Quebec katika Bunge la Ottawa, kutoka viti 32 vya 2021 hadi 22, kwani vitisho vya Donald Trump dhidi ya Kanada viliwasogeza wengi kwa Carney. Lakini Parti Québécois ya Paul St-Pierre Plamondon, chama cha uhuru kwenye siasa za jimbo, imeahidi kura ya tatu kabla ya 2030 ikishinda uchaguzi wa jimbo wa Oktoba 5, 2026. Anayehamia Montreal kutoka Calgary ili akimbie mjadala huu huenda akaukuta umemtangulia.

## Kulingana na hali yako

Wewe ni mkazi wa kudumu: huna kura, kwa hiyo kazi yako ni karatasi. Hesabu siku zako sasa, na zikifika 1,095 peleka ombi la uraia bila kungoja mjadala uishe.

Wewe ni raia unayefanya kazi ya mafuta: pima kila njia kwa bomba. Fuatilia kama hati ya Novemba 2025 inazaa bomba lenye mwekezaji na kibali. Ikizaa, njia ya kwanza imejibu lalamiko lako. Ikifa kama Northern Gateway, hoja ya njia ya tatu itapata nguvu kisiasa, lakini swali la British Columbia litabaki palepale.

Kinachokuuma ni kodi na mgawo: njia ya pili haitakusaidia, usiichague kwa sababu hiyo. Chaguo lako ni kati ya kubadilisha kanuni ukiwa ndani, na kuondoka pamoja na fungu la deni.

Umekaribia kustaafu: dai hesabu ya pensheni kwa maandishi, iliyofanywa kwa fungu la asilimia 15 au 20 pamoja na ile ya 53, kabla ya kuunga mkono njia ya pili au ya tatu.

Una duka au kampuni ndogo inayoagiza bidhaa kupitia Vancouver: mkopo wa miaka mingi unaochukua leo utalipwa katika kipindi cha mashaka, hata kama kujitenga hakutatokea kamwe. Ongea na benki kuhusu riba isiyobadilika, na usiweke akiba yote kwenye nyumba moja ya Calgary.

Umeombwa saini mlangoni: soma swali lote lililoandikwa juu ya karatasi, kwa sababu maombi ya kubaki na ya kuondoka yote yamezunguka mitaa ileile. Saini yako haikulazimishi kupiga kura hiyohiyo baadaye. Wapo wanaotia saini ili kura ifanyike, kisha siku yenyewe wakapiga hapana.